Kumhamisha mhusika wa katuni hadi mezani: maana yake nini?

Mchezaji akisema, "Leo mimi ni yule binti mwenye joho la kutoonekana," wenzake wanamwelewa papo hapo. Karatasi yake ya mhusika haimwelewi. Karatasi inataka namba: ana nguvu kiasi gani, mwepesi kiasi gani, atastahimili mapigo mangapi kabla hajaanguka. Kumtoa shujaa kwenye televisheni na kumpa namba hizo, ili achezeke kwa kanuni za mchezo wa kuigiza wa mezani, ndiko kumhamisha mhusika.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao, yaani msimamizi, husimulia ulimwengu na kuwacheza maadui wote. Panapokuwa na shaka, dadu huamua. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii ulio maarufu kuliko yote, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kati ya 1983 na 1985 kituo cha CBS kilirusha vipindi 27 vya katuni yenye jina hilohilo: vijana sita wanapanda kigari kwenye bustani ya burudani, wanajikuta ulimwengu mwingine, na kila mmoja anakabidhiwa silaha ya kichawi.

Ungedhani kuwarudisha hao mezani ni kazi nyepesi, maana kila mmoja alishapewa fani yake: Hank mwindaji, Presto mchawi, Sheila mwizi, Diana mwanasarakasi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Katuni ina mwandishi, na mwandishi ndiye anayejua lini silaha ifanye kazi. Upinde wa Hank hurusha mishale ya mwanga. Ukihitajika kuwa kamba unakuwa kamba. Tena kilikuwa kipindi cha watoto, kwa hiyo mishale hiyo ilifunga na kuangusha vitu zaidi kuliko ilivyojeruhi. Ukimpa mchezaji upinde huo kama ulivyo, hakuna mlango wala mlinzi atakayemsumbua tena, na wenzake watabaki watazamaji. Mimi ningeuacha uwe upinde wa kawaida, wenye madhara ya dadu moja ya pande 8, kisha maajabu yake yaruhusiwe mara mbili au tatu kwa siku. Joho la Sheila vilevile: linamficha, lakini akishambulia tu anaonekana.

Namba za msingi ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kwa kawaida mhusika mpya hupata kati ya 3 na 18 kwa kila moja. Katika matoleo ya karibuni, ukitoa 10 na kugawa kwa 2 unapata nyongeza ya kila jaribio: mwenye 16 anaongeza 3, mwenye 8 anapunguza 1. Kwa jambo linalohitaji kufikisha 15 kwa dadu ya pande 20, wa kwanza ana nafasi 9 kati ya 20, wa pili 5 tu. Tofauti hiyo inasikika mezani, ndiyo maana kosa la kumpa shujaa umpendaye 18 kila mahali linamuua. Anabaki na sura yake, tabia imekwisha.

Mtazame Presto. Anaingiza mkono kwenye kofia akitafuta radi, anatoa kitu cha kipuuzi, na mara nyingine kitu hicho ndicho kinachowaokoa. Ukimwandika kuwa mchawi hodari wa ngazi ya 10, yaani aliyekwishapanda mbali kwa uzoefu na uwezo, umeandika mtu mwingine. Kushindwa kwake ndiko kunakopaswa kuhamishwa. Andika orodha ya matokeo 20, mengine ya manufaa, mengine ya aibu, kisha arushe dadu kila anapoigusa kofia. Eric, mwenye ngao, analalamika kila hatua lakini hatari ikija ngao yake iko mbele. Mpe kinga kubwa na mashambulizi hafifu, malalamiko mwachie mchezaji mwenyewe. Bobby ni mtoto mwenye rungu linalotikisa ardhi. Nguvu zilizomo ni za rungu, si za mikono yake, kwa hiyo akinyang'anywa abaki mtoto.

Ngazi? Anza chini, ya 1 hadi ya 3. Vijana hawa hukimbia mara nyingi kuliko wanavyoshinda, na Venger, adui yao mkuu, akitokea wanapaswa kuogopa kwelikweli.

Mmoja hahitaji karatasi kabisa: yule mzee mfupi anayetokea, anasema fumbo, kisha anatoweka kabla hajaulizwa swali. Katunini anaitwa Dungeon Master, na hicho ndicho cheo cha msimamizi katika mchezo.