Taimshea: jinsi ya kupima thamani ya klabu ya likizo

Taimshea ni zamu ya likizo unayoilipia mapema. Watu wengi wanashirikiana chumba au nyumba moja, kila mmoja na muda wake, kwa kawaida wiki moja kwa mwaka. Zipo klabu zinazokupa wiki ileile kila mwaka, na zipo zinazokuacha uombe wiki yoyote ndani ya msimu fulani. Kubwa nyingi siku hizi zinauza pointi: usiku wa Mei unakula pointi chache, usiku wa Krismasi unakula nyingi.

Dada yangu aliijua taimshea Jumamosi moja kwenye jumba la maduka hapa Nairobi. Kijana mwenye tai alimpa kadi ya kukwangua, akamwambia ameshinda siku mbili Pwani, ila aje na mumewe kuzichukua. Waliketishwa saa mbili nzima. Bei iliandikwa kwenye karatasi, ikakatwa kwa kalamu nyekundu, ikaandikwa nyingine chini yake, nayo ikakatwa. "Mama, hii ni ya leo tu." Namshukuru Mungu shemeji alikataa kuweka sahihi. Wiki iliyofuata wakaenda kusikiliza klabu ya pili, kisha wakaja kwangu na karatasi zote mbili.

Ya kwanza: kiingilio shilingi 600,000 kwa miaka 20, ada ya matunzo 45,000 kila mwaka. Ya pili: 250,000 kwa miaka 10, ada 70,000. Dada aliiona ya pili kuwa rahisi, kwa sababu jicho linakimbilia kiingilio. Tukagawanya kiingilio kwa miaka, tukaongeza ada, kisha tukagawanya kwa usiku 7. Ya kwanza ikatoka kama 10,700 kwa usiku, ya pili kama 13,600. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha, baina ya klabu na klabu, na pia na bei ya hoteli ya kawaida ya hadhi hiyohiyo kwa wiki hiyohiyo.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama utakwenda kila mwaka. Nilimuuliza wamekwenda Pwani mara ngapi tangu mtoto wa kwanza aanze shule. Akahesabu kwa vidole: mwaka mmoja wanakwenda, mwaka mmoja hawaendi. Basi ile ya kwanza inapanda hadi karibu 21,400 kwa usiku, maana ada inalipwa hata usipolala. Na ada haikai palepale. Ikipanda asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 9 ile 45,000 imekuwa 90,000. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko kiingilio: tafuta kwenye mkataba kama kuna kikomo cha kupandisha.

Wauzaji hupenda kutaja kubadilishana, yaani kutoa wiki yako ya Diani upate Hispania au Florida kupitia kampuni kama RCI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974. Jambo hilo ni la kweli, ila kuna uanachama wa kulipia, ada ya kila badilisho, na tiketi za ndege juu yako.

Kutoka nako kuna bei yake. Marekani watu huuza taimshea zao mtandaoni kwa dola 1 ili tu waepukane na ada, kwa hiyo usiihesabu kama shamba au ploti. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakuruhusu kuvunja mkataba wa aina hii bila kutoa sababu ndani ya siku 10 baada ya kupokea nakala yake. Andika barua, usitegemee simu.

Kipimo cha mwisho ni nafasi. Disney Vacation Club, kwa mfano, humruhusu mwanachama kuweka nafasi miezi 11 kabla katika hoteli aliyonunulia, lakini miezi 7 tu katika nyingine. Wenye watoto wa shule wanagombea Aprili, Agosti na Desemba, na pointi zisizopata chumba wakati huo hazikufai. Dada alirudi kwa klabu zote mbili akaomba kompyuta ifunguliwe mbele yake: Diani, wiki ya Krismasi, watu wanne. Ile ya 10,700 ilikuwa imejaa. Ile ya 13,600 ilikuwa na vyumba viwili.