"Malaria imejificha": dhana inayotuponza

Mtu wa Mbagala akiamka na homa, kichwa kinagonga na viungo vinauma, jirani atamwambia: hiyo malaria. Akipima akakutwa hana, ataambiwa "imejificha", anunue tu dawa mseto dukani. Jambo hili linaniuma, maana homa isiyotafutiwa chanzo inaweza kuua mtoto.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliopelekwa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa takriban mmoja tu kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Wengine walikuwa na UTI au taifodi.

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya vimelea vya ugonjwa huo kwenye tone la damu. Wanaosema kinakosea hawajakosea kabisa. Vimelea vikiwa vichache mno kinaweza kuvikosa, na kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa protini ile hubaki mwilini. Ndiyo maana homa ikiendelea unarudi kupimwa, humezi dawa kwa kubahatisha.

Na dawa yenyewe tuitunze. Utafiti ulioongozwa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, umethibitisha kwamba mkoani Kagera wapo vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini, kiungo muhimu cha dawa mseto: mgonjwa anameza dozi, lakini vinachelewa kuisha kwenye damu.