Kiti cha kusikilizia muziki si kitanda

Wiki iliyopita mzee mmoja mstaafu alifika karakanani kwangu, hapa Dar es Salaam, akiwa na picha kwenye simu yake. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alisema maneno ambayo wateja wengi waliomtangulia wamekwisha kuniambia: "Kijana wangu, nataka kiti cha kusikilizia muziki. Kiwe kikubwa, kiwe laini, mgongo wake uwe mrefu wa kushika kichwa, na nikikaa nizame." Nilimheshimu kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alikuwa amepata amplifaya nzuri na spika nzuri baada ya miaka mingi ya kujinyima. Hata hivyo ilinibidi nimweleze kwamba kiti alichokiomba kingemwibia sehemu ya sauti aliyokwisha kuilipia. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika.

Kiti cha kulalia, kiti cha kutazamia televisheni na kiti cha kusikilizia muziki ni viti vitatu tofauti, ingawa madukani vyote huitwa sofa. Anayelala anahitaji kichwa kishikwe kwa sababu shingo yake imelegea, lakini msikilizaji yuko macho, shingo yake inafanya kazi yake, na anachohitaji ni kiti kinachobeba kiuno, mapaja na mgongo vizuri kiasi kwamba mwili usimwombe chochote kwa saa nzima, huku masikio yakibaki wazi pande zote. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo mafundi wengi wanaiweza. Ya pili ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mnunuzi hujaribu kiti dukani pasipo muziki.

Tuanze na egemeo la kichwa. Sauti ikitoka kwenye spika hufika sikioni moja kwa moja, kisha hupita, hugonga egemeo lililo nyuma ya sikio na kurudi. Egemeo likiwa sentimita 6 nyuma ya sikio, sauti inayorudi imesafiri sentimita 12 zaidi ya ile ya kwanza. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ni theluthi moja tu ya milisekunde. Sikio haliisikii kama mwangwi. Linaisikia kama mabadiliko ya rangi ya sauti. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni sentimita 12, yaani lile la hezi 1,450 hivi (mitetemo 1,450 kwa sekunde), linarudi likiwa kinyume cha lenyewe na kujipunguza, ilhali lile la hezi 2,900 linarudi likiwa sambamba na kujiongeza. Eneo hilo si la kuchezea, kwani humo ndimo zilimo konsonanti za mwimbaji, mkwaruzo wa uta kwenye fidla na mdonoo wa nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu, na ndilo eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi zaidi kulisikia. Kibaya zaidi, ukisogeza kichwa mbele kwa sentimita 2 tu, pengo lile la kujipunguza linahama kutoka hezi 1,450 hadi karibu 1,090. Msikilizaji anayetikisa kichwa kwa kufurahia anabadilisha sauti ya fidla kila anapotikisa, kisha anailaumu spika.

Sitaki kudai kwamba hesabu hiyo hutokea sebuleni ilivyo kwenye karatasi. Hesabu inachukulia kwamba egemeo ni ubao mgumu na mpana, na kwamba sikio linasikia nyuma sawasawa na mbele, lakini tundu la sikio letu limefunikwa upande wa nyuma na sehemu ya nje ya sikio, na egemeo la sponji lililovikwa kitambaa chepesi hunyonya sehemu ya sauti nyembamba kabla haijarudi. Nimewahi kumkalisha mteja kwenye kiti chenye egemeo refu la kitambaa, nikaliondoa, nikalirudisha, naye hakuona tofauti yoyote. Sikumbishia, kwa sababu anayesikia ni yeye. Lakini egemeo lilipokuwa la ngozi au la ngozi bandia, lenye mabawa yanayokumbatia kichwa kwa pembeni, sijapata mtu aliyeketi humo, akainuka, akakosa kushtuka. Mabawa hayo ndiyo adui mkubwa, maana hayarudishi sauti tu bali pia huizuia ile ya kuta za pembeni inayolipa chumba upana wake. Kanuni ninayoifuata ni kwamba egemeo liishie chini ya ncha ya chini ya sikio, na ikiwezekana kwenye usawa wa mabega.

Anayetumia vichwasauti, yaani spika ndogo za kuvaa masikioni, yeye ana hesabu nyingine kabisa. Egemeo refu halimharibii sauti, ila linagonga tu vikombe vya vichwasauti vyake.

Sasa nifike kwenye "kuzama", neno linaloniudhi kuliko yote. Watu wamefundishwa kwamba ulaini ndio starehe. Ukizama, nyonga hushuka chini ya magoti, uti wa mgongo hujikunja kama upinde, na baada ya dakika 15 unaanza kujigeuza bila kujua kwa nini. Pima kiti kwa dakika 20, ambazo ndizo takriban urefu wa upande mmoja wa santuri ya LP, na usikipime kwa dakika mbili ambazo muuzaji amekusimamia. Kiti kilichokubembeleza mwanzoni huwa cha kwanza kukuchosha.

Tatizo hili huanzia kwenye ununuzi wa sponji, ambako msongamano na ugumu huchanganywa kila siku. Msongamano ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo, na ndio unaoamua kama kikalio kitadumu au kitabonyea na kubaki hivyo baada ya muda mfupi. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza, na ni kitu kingine. Ipo sponji nzito iliyo laini na ipo sponji nyepesi iliyo ngumu, na hii ya pili ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu, kwa sababu ukiibonyeza kwa kiganja inakuonyesha ukakamavu ambao hautaishi. Usikubali maneno, chukua mizani. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa sentimita 10 ni sehemu moja ya 40 ya mita ya ujazo, kwa hiyo kikiwa cha kilo 32 kwa mita ya ujazo kitakuwa na uzito wa gramu 800. Kikisoma gramu 450, umeshika sponji ya kilo 18, ambayo mimi ningeiweka kwenye mto wa mapambo na si chini ya mtu mzima. Kwa kikalio cha kusikilizia natumia ya kilo 30 hadi 35, ya ugumu wa kati, juu ya mikanda ya mpira iliyovutwa sawasawa, na juu yake naweka tabaka jembamba la laini ili ngozi isilalamike. Mwili unashuka sentimita 4 au 5, kisha unasimama hapo.

Kushuka huko kunahusu masikio pia. Mtu mzima wa kimo cha kati akiketi wima, sikio lake huwa sentimita 75 hadi 80 juu ya kikalio. Mweke kwenye kikalio ambacho kwa uzito wake kinabaki na sentimita 38, umlaze nyuma kidogo, na masikio yatakuwa kwenye mita 1.1 hivi. Mzamishe, na sikio linashuka chini ya sentimita 95. Wapo wanaopiga kelele kuhusu kila sentimita, nao nisingependa wasikilizwe: ukiwa mita 2.5 kutoka kwenye spika, tofauti ya sentimita 10 kati ya sikio na twita (kile kipaza kidogo cha sauti nyembamba) ni nyuzi 2 tu na kitu, na haina uzito wowote. Lakini sebule zetu nyingi zina spika juu ya kabati, twita ikiwa kwenye mita 1.6, na mbele yake kuna kochi la kuzama. Hapo tofauti ni sentimita 65 au 70, yaani nyuzi 15 hivi, na katika spika zenye vipaza viwili vilivyopangwa juu na chini, pembe kama hiyo inatosha kuchimba shimo katika sauti, pale vipaza hivyo vinapopokezana. Katika hali hiyo usinunue kiti kwanza. Shusha spika, au ziinamishe zikutazame, kwa sababu kipande cha mbao chini ya spika ni rahisi kuliko kiti chochote ninachoweza kukuundia.

Vipimo vingine navipitia haraka. Kina cha kikalio kiwe sentimita 46 hadi 48, kwani makochi ya siku hizi yenye kina cha 60 humlazimisha mtu wa kawaida aketi bila kufikia egemeo, au alifikie miguu ikining'inia. Pembe kati ya kikalio na egemeo iwe nyuzi 105 hadi 110. Alf Nachemson wa Sweden, aliyepima shinikizo ndani ya diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo za watu walio hai, alionyesha kwamba kuketi bila egemeo huzikandamiza kuliko kusimama, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha kuwa kuegemea nyuma huku kiuno kikishikwa hupunguza mzigo huo. Mikono ya kiti iwe mahali ambapo viwiko vinafika bila kuinua mabega. Basi.

Mahali pa kukiweka kiti panastahili maneno zaidi, kwa sababu mgeni akiingia sebuleni kwetu hukuta makochi yameegemea kuta nne, na katikati pamebaki uwanja. Ni adabu njema ya kupokea watu, lakini kwa muziki ni hasara. Kichwa kikiwa sentimita 20 kutoka ukuta wa matofali ya saruji, besi hujaa kupita kiasi, na sauti inayorudi kutoka ukutani inakula eneo la hezi 430 hivi, penye mwili wa sauti ya mwanamume. Wengine, wakisha kuambiwa hivyo, hukimbilia katikati kabisa ya chumba, nako kuna tatizo lake: katika chumba cha urefu wa mita 4 wimbi la hezi 44 hufa hapo katikati, na uzi mnene wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41. Kwa hiyo mimi huanza na mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, kisha nasogeza kiti mbele na nyuma kwa sentimita 10 nikisikiliza wimbo mmoja ninaoujua. Nakiri kwamba katika nyumba zenye madirisha ya wazi na milango mingi hesabu hii hupinda, maana besi hutoka nje, na mara mbili au tatu nimeishia kukiacha kiti mahali ambapo kanuni zote zinakataa na masikio yanakubali. Jambo lililo wazi kutokana na haya ni kwamba kiti cha kusikilizia kiwe chepesi kiasi cha kusogezwa na mtu mmoja, arudishe ukutani wageni wakija. Kochi la watu watatu halisogezwi.

Kuhusu kifuniko, ngozi bandia ya poliyurethani katika unyevu wa pwani huanza kubanduka, hunata mgongoni, na hurudisha sauti. Chagua kitambaa cha pamba au katani. Mbao ziwe mninga, mkongo au mtiki iliyokauka, viungo viwe vya ulimi na tundu vilivyotiwa gundi, kwa sababu kiti cha misumari kitaanza kulia, na utakisikia katika kila wimbo wa taratibu.

Picha ya mzee ilikuwa ya kiti cha wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames cha mwaka 1956, kile cha mbao zilizopindwa na ngozi nyeusi. Ni kazi ninayoistahi, na pembe ya kuketi humo ni nzuri sana, lakini kipande chake cha juu kinakaa nyuma ya kichwa hasa, nacho ni cha ngozi. Nilimwonyesha mzee upande wa pili kitu kilicho chetu: kiti cha enzi cha pwani, ambacho mgongo wake umejazwa viunzi vya nyuzi zilizosukwa. Mkao wake ni wa wima mno, kwa sababu kiliundwa ili mwenye heshima aonekane, lakini sauti hupita kwenye msuko ule karibu kama haupo. Nimeiba wazo hilo: sehemu ya juu ya egemeo, kutoka kwenye mabega kwenda juu, naisuka kwa henzirani yenye matundu mapana.

Mzee akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu: je, haya yote yanahusu santuri zake za zamani? Anazo za taarabu, za kizazi cha Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Nilimjibu kwamba rekodi hizo ni za sauti ya mkondo mmoja (mono), yaani spika zote mbili hutoa sauti ile ile, kwa kuwa santuri za mikondo miwili (stereo) zilianza kuuzwa kwa umma mnamo 1957 na 1958, kwa hiyo hana haja ya kuketi katikati kabisa ya spika mbili. Anaweza kusogea pembeni bila kupoteza kitu. Egemeo refu, hata hivyo, litamharibia sauti ya mwimbaji vilevile. Tena upande wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika huchukua dakika tatu hivi, kwa hiyo atainuka mara kwa mara kuigeuza, na mtu wa miaka 70 haifai azame mahali ambapo kuinuka ni kazi.

Tulikubaliana kikalio cha sentimita 43 kabla ya kuketi, sponji ya kilo 32, mkono wa kulia uwe imara kuliko wa kushoto kwa sababu ndio atakaoutegemea akiinuka, na msuko wa henzirani juu ya mabega. Aliomba jambo moja zaidi, kwamba kiti hicho hicho kimruhusu kulala kidogo baada ya adhuhuri. Nimemshonea mto wa kichwa wenye mikanda miwili, unaofungwa mbele ya msuko saa ya kulala, na kurushwa nyuma ya kiti muziki unapoanza.