Je, wajua kwa nini aliyezoea bweni la Dodoma bado hubabaika akifika bweni la Uingereza?

Mpwa wangu alisoma bweni hapa Dodoma mpaka kidato cha nne. Miaka minne ya makande, ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, ya kuoga maji ya ndoo mwezi wa saba wakati upepo wa huku unapenya hadi kwenye mifupa. Kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza: maji ya moto, chumba cha watu wawili, mayai kila asubuhi. Dada yangu akasema huyu ameshakomaa, hatatusumbua. Wiki ya sita alinipigia simu usiku wa manane, akasema "shikamoo mjomba", kisha kimya. Nasikia pumzi tu.

Alikuwa amezoea shida, sasa kilichomshinda ni nini?

Shida za bweni la huku ni za mwili, na mwili huzoea. Kule kinachochosha ni vile vitu vidogo ambavyo nyumbani huvifikirii kabisa. Saa, kwa mfano. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili. Dodoma ipo nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haupishani hata saa nzima kati ya Juni na Desemba. Kusini mwa Uingereza mwezi Desemba jua hutoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Juni halizami mpaka saa tatu na kitu usiku. Kijana anatoka darasani giza limeshaingia, mwili unamwambia siku imekwisha, ratiba inamwambia bado kuna mazoezi, chakula na prepo.

Halafu salamu. Mwanzoni kila aliyepishana naye kwenye ngazi alimuuliza kama yuko sawa. Siku ya tatu akaenda kujitazama kwenye kioo, akidhani ana uso wa mgonjwa. Kumbe ni salamu tu, na anayeuliza hasubiri jibu, ameshapita. (Na sisi hatuna la kuwacheka. Mtu anaumwa malaria, ukimuuliza habari anakujibu "nzuri". Tofauti ni kwamba baada ya "nzuri" sisi husimama tukasikia "ila homa tu".) Yeye naye, alipoitwa na mlezi wa bweni, alisimama akainamisha macho kwa heshima. Mlezi akaona mtoto anayeficha jambo.

Kiingereza alikuwa nacho. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza. Lakini kile ni Kiingereza cha ubaoni. Utani wa mezani hauna silabasi. Mpaka aelewe wanachocheka, wenzake wameshahamia lingine. Hapa Dodoma bweni zima lilikuwa likimsubiri yeye ndipo lianze kucheka. Kule wakamjua kama yule mkimya. Kwa maoni yangu hilo huuma kuliko baridi yoyote.

Wataalamu wameliangalia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, aliandika juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Aliona hali yao inafanana na bakuli: mwanzo raha, katikati kushuka, baadaye kupanda tena. Picha hiyo ikapendwa sana. Lakini mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakakuta huzuni ilikuwa kubwa zaidi siku zile za mwanzo kabisa, wakati ambapo bakuli linasema ni raha. Ward hutenganisha mambo mawili: moyo, na ujuzi wa kuishi pale. Ujuzi hupanda haraka miezi ya mwanzo kisha hutulia. Moyo hupanda na kushuka unavyotaka wenyewe. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa ameshajua ratiba, njia na majina ya watu wote, na bado akalia.

Huzuni ya mpwa wangu ilikuja na likizo fupi ya katikati ya muhula, mwishoni mwa Oktoba. Wenzake walichukuliwa na wazazi wao. Yeye akapelekwa kwa familia ya kumtunza wakati wa likizo, ambayo hakuwahi kuiona. Ndiyo ile simu.

Dada yangu akaanza kumpigia kila usiku. Nilimwomba apunguze. Simu ya dakika tano ni dawa. Ya saa nzima inamrudisha mtoto Dodoma, na asubuhi inabidi aondoke upya. Tulielewana Jumapili na Jumatano, na dada alinuna wiki mbili.

Kilichobadilisha mambo ni ubuyu. Tulimfungia mfuko mmoja, ule mwekundu wa pilipili. Usiku mmoja aliufungua, mwenzake wa chumbani akaomba, akaing'ata mbegu kwa nguvu zote nusura avunje jino. Ikabidi amfundishe: unamung'unya, hutafuni, mbegu unatema. Kesho yake walikuja watatu wengine. Tangu Septemba alikuwa mtu wa kuelekezwa. Usiku ule akawa mwelekezaji, na wakacheka pamoja kwa jambo ambalo safari hii yeye ndiye aliyelielewa kwanza.

Julai alikuja likizo. Sisi tumevaa masweta, yeye kaptula. Alikuwa amenitumia ujumbe kutoka Dar es Salaam kwamba treni ya SGR inaingia Dodoma saa saba. Nikafika stesheni saa saba mchana, nikakaa. Alishuka saa moja usiku.