Joto na moshi kwenye jiko la mgahawa: kabla ya kununua feni kubwa, chunguza hewa inayoingia

Kipimajoto cha ukutani kikisoma nyuzi 32, usidhani umemaliza kupima. Kinasoma hewa tu. Mpishi aliye mbele ya kikaango anapigwa pia na joto linalotoka moja kwa moja kwenye moto na chuma, huku mvuke wa masufuria ukizuia jasho lake kukauka. Jasho linalochuruzika bila kukauka halipozi mwili. Linapoteza maji na chumvi bure. Ndiyo maana kipimo cha WBGT, kinachokadiria mzigo wa joto mwilini, ndani ya jengo huchukua 0.7 ya joto la kipimajoto chenye utambi uliolowa (kinachoonyesha ukaukaji wa jasho) na 0.3 ya lile la kipimajoto kilicho ndani ya tufe jeusi (linalopokea joto la moto na chuma).

Mimi huanza na feni ya kuvuta moshi. Majiko yote yakiwaka, shika kipande cha karatasi ya chooni kwenye ukingo wa kofia ya moshi, yaani kifuniko kilicho juu ya majiko kinachokusanya moshi. Kikivutwa ndani, sawa. Kikining'inia tu, moshi unawapita wapishi puani, na moshi wa kukaangia kwa joto kali IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeuweka kundi 2A: yaelekea unasababisha saratani.

Mara nyingi vichujio vya kofia vimeziba kwa mafuta, vioshwe. Vikiwa safi na hali ni ileile, kinachokosekana ni hewa ya kuingia, jambo ambalo wenye migahawa hawalishuku kabisa: wao hununua feni kubwa zaidi, na tatizo linazidi. Jaribu mlango unaofunguka kwa nje. Ukiwa mzito feni ikiwaka na mwepesi ikizimwa, jiko linanyonya hewa kwa nguvu popote pa kuipata, hata kupitia bomba la moshi la hita ya gesi, na kurudisha ndani kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Gesi hiyo haina harufu. Wapishi kadhaa wakiumwa kichwa zamu moja, kisha wakapata nafuu nje, zimeni moto, tokeni wote, iteni fundi.

Feni ya mezani (kipenzi cha kila mpishi!) isielekezwe kwenye majiko, maana huusukuma moshi usiingie kwenye kofia.

Maji: kikombe kimoja, kama mililita 250, kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Mfanyakazi mpya asikae kwenye joto zaidi ya asilimia 20 ya zamu siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Mzoefu anayetoka likizo ndefu naye mwili umeshasahau joto: mpe asilimia 50, 60, 80, na siku ya nne zamu nzima.