Je, wajua kwa nini ufuo wa Lamu hujaa vifuniko kuliko chupa?

Shuka ufuo wa Shela asubuhi, maji yakiwa yamekupwa baada ya bamvua, ufuate ule mstari wa mwani ulioachwa na mawimbi. Utaokota vifuniko vya chupa vya kila rangi, ndara za mguu mmoja, vipande vya kamba za nyavu. Chupa zipo, ila hazifikii idadi ya vifuniko. Na hakuna kifuniko kisichotoka shingoni mwa chupa. Sasa chupa zimekwenda wapi?

Kweli, baadhi huokotwa zikatiwa mafuta ya nazi au zikauzwa kwa kilo. Kifuniko hakina akitakaye. Lakini nyingine nyingi zimezama.

Chupa ya maji na kifuniko chake si plastiki moja. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Plastiki ya chupa, iitwayo PET, kwa ujazo huohuo hufika kama kilo 1.38. Ya kifuniko ni poliethilini au polipropilini, na haivuki kilo 0.97. Poliethilini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, jamaa ya nta ya mshumaa na mafuta, na mafuta yalizama lini? PET ina oksijeni ndani yake, tena ina pete za kaboni zinazopangika kwa kubanana, ndiyo maana ni nzito. Jaribu nyumbani: kata kipande cha chupa, ukitie beseni la maji pamoja na kifuniko, uvizamishe vyote kwa kidole ili hewa itoke. Ukiachia, kimoja kitapanda na kingine kitabaki chini.

Chupa iliyofungwa vizuri, yenye hewa ndani, ni habari nyingine. Hiyo ni boya. Yaweza kuvuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa Indonesia, ikibebwa na mkondo uendao magharibi, hata ifike pwani yetu. Huku hukutana na mkondo unaopanda kaskazini, ambao wakati wa kusi hushika kasi. Kaskazi ikivuma, mkondo mwingine hushuka kutoka Somalia, na miwili hiyo hukutana kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya kabla ya kugeukia bahari kuu. Lamu basi iko karibu na njia panda ya maji.

Hata hivyo tusiwabebeshe Waindonesia mzigo wetu. Mto Sabaki unaomwaga maji yake kaskazini ya Malindi ndio ule Athi wa huko juu, nao hupokea maji ya Mto Nairobi. Kifuniko kilichotupwa mtaroni Nairobi kina njia iliyo wazi hadi baharini, na kikifika, kusi hukisukuma kuelekea huku kwetu.

Kinachoelea nacho hakielei milele. Mwani na wadudu wenye magamba hujishikiza juu yake mpaka uzito ukizidi kikazama. Adha hii wenye majahazi wanaijua vizuri: chombo huvutwa pwani, kikasuguliwa na kupakwa deheni. Plastiki haina wa kuisugua, na ule utando huipa harufu ya chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa kasa huitikia harufu ya plastiki iliyokaa baharini kama wanavyoitikia ya chakula chenyewe.

Maana yake ni kwamba tukisafisha ufuo na kupima magunia, tunapima zaidi kile kinachoelea. Mchanga mweupe hautuambii lolote kuhusu sakafu ya bahari.

Mafundi wa Lamu waliokitumia kile kinachookotwa walionesha kwamba kina kazi. Mwaka 2018 waliteremsha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 hivi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyorejelezwa, likavikwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata lilitweka tanga hadi Unguja, kwa nguvu ya upepo.

Ulaya wamechukua njia nyingine. Tangu Julai 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kifuniko cha chupa ya kinywaji isiyozidi lita 3 kibaki kimeshikamana na chupa hata ikifunguliwa. Kitapungua ufuoni, bila shaka. Lakini kifuniko ni chepesi mno kuibeba chupa iliyojaa maji, kwa hiyo ikitupwa baharini wazi, itakwenda nacho chini.