Je, wajua kwa nini figo iliyopandikizwa haimuumi mtoto?

Jioni moja, kwenye baraza la kahawa la Ngamiani, Tanga, mzee mmoja aliuliza iwapo mtoto aliyepandikizwa figo ya mama yake huisikia ikimuuma. Nilijibu bila kusita kwamba ni lazima imuume, kwa kuwa ni nyama ngeni. Nilikosea kabisa. Figo inapotolewa kwa mtoaji, mishipa yake ya fahamu, yaani neva, hukatwa. Daktari anayeipandikiza huunganisha mishipa ya damu na mrija wa mkojo, lakini neva haziungi. Figo hiyo huchuja damu na kutoa mkojo bila kuwa na njia ya kuupasha ubongo habari zozote. Ini nalo ni vivyo hivyo. Huenda neva chache zikachipua baada ya miezi, ila si katika siku zile za maumivu makali.

Mtoto basi hulilia ngozi na misuli ya tumbo iliyopasuliwa. Kumpa mofini nyingi, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, kuna hatari, kwani hupunguza pumzi, na mabaki yake hulimbikizana ikiwa figo haijashika kazi sawasawa. Hapo ndipo sindano ya ganzi inapofaa.

Ubavuni, misuli ya tumbo imelaliana kama chapati tatu, na neva hupita kati ya ya pili na ya tatu. Mtoto akiwa bado kwenye nusukaputi, daktari huitazama sindano kwa ultrasaundi mpaka ifike hapo, kisha dawa hutandaa katikati kama samli. Neva yenyewe ni kama safu ya watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: dawa ya ganzi kama bupivakaini huziba vijilango vya sodiamu, ambavyo neva huvitumia kupitisha habari, na watu watatu wanne wa katikati wakifungwa mikono, ndoo haifiki, hata kama kisima kimefurika. Baada ya saa kadhaa mikono hufunguka.

Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa kuwa dawa ikizidi kwenye damu huvuruga moyo. Tafiti kwa watoto waliopandikizwa viungo bado ni chache, hivyo parasetamoli, na pengine mofini kidogo, huendelea kutolewa.

Ukimya huo wa figo una upande wake wa pili: mwili ukianza kuikataa, mara nyingi mtoto haumwi popote, na habari hupatikana kwa kupima kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu.